Biskuti Zilizorudi: Adabu ya Kumpikia Jirani Myahudi



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Barua ya wiki hii haikutoka Kisauni wala Malindi. Imetoka London, kwa binti yetu mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeolewa huko na anayelea watoto watatu. Jina lake nalisitiri. Mtaa anaoishi una Mayahudi wengi, na jirani wa mlango wa pili ni mama wa Kiyahudi mwenye kushika dini yake. Binti yetu alipojifungua kitinda mimba wake, mama huyo ndiye aliyewapeleka wale wawili wakubwa shule kwa wiki nzima. Tangu siku hiyo wamekuwa wakijuliana hali kama walivyofanya bibi zetu, ukuta kwa ukuta.

Mwezi uliopita binti wa jirani alitimiza miaka 12. Kwa Mayahudi, msichana akifika umri huo, na mvulana akifika miaka 13, huhesabiwa kuwa amri za dini yao zimemwajibikia, kama sisi tunavyosema mtoto amebaleghe. Familia hukusanyika na kula pamoja. Binti yetu akaona hii ndiyo nafasi ya kulipa wema. Alikesha akioka biskuti za chokoleti, zile laini zinazovutana kidogo menoni, akazipanga kwenye sinia, akazifunika kitambaa cha kutarizi kama tufanyavyo sisi tukipelekeana futari.

Jirani alizipokea kwa mikono miwili, macho yakamlengalenga. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umetumia siagi?" Alipoambiwa ndiyo, alinyamaza kidogo, akasema hataweza kuziweka mezani, na kwamba asingependa ziharibike, afadhali watoto wa binti yetu wazile. Sinia ikarudi ilivyokwenda.

Binti yetu aandika kwamba alilia jikoni peke yake. Alipompigia simu mavyaa wake aliyeko Mombasa, badala ya kupozwa aliongezewa moto: "Si nilikwambia? Wewe wawapikia Mayahudi huku watoto wa Gaza wana njaa?" Sasa auliza mambo matatu. Je, jirani alimdharau? Je, yafaa kuwaokea Mayahudi kwa furaha zao za kifamilia? Na je, watoto wake wale vinavyotoka katika nyumba ile?

Binti yangu, nianze na chozi lako, kwani hukumu huingia vizuri moyo ukishatulia.

Nilipokuwa kijana nilisafiri bara na mwenzangu Mkristo, nikafikia kwao. Tulifika jioni, na nilihisi harufu ya kuku akipikwa. Moyo wangu ukaingia dhiki: nitakulaje, na nitakataaje? Babake mwenzangu alinisoma usoni. Akanieleza kwamba alasiri ile alitembea mpaka sokoni akamtafuta Mwislamu wa kumchinja kuku yule, na kwamba mkewe amempika kwenye sufuria mpya. Sijasahau kuku yule mpaka leo. Wengi wetu tuliosafiri nchi hii tumefanyiwa wema wa namna hiyo, na wala hatukuwahi kusema kwamba sisi, kwa kuuliza nani kachinja, tumewadharau wenyeji wetu.

Basi jirani yako aliuliza swali lile lile tunalouliza sisi kila siku. Wewe waiuliza nyama. Yeye aliiuliza siagi.

Na kwa nini siagi? Mayahudi wanaoshika dini hawachanganyi nyama na maziwa. Asili yake ni katazo linalotajwa mara tatu katika Taurati yao, la kutompika mwana-mbuzi katika maziwa ya mamake. Wanazuoni wao wakalipanua: nyama na chochote kitokacho katika maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, wala havishirikiani chungu. Nyumba nyingi zina sufuria za nyama na sufuria za maziwa, sahani mbalimbali, hata sinki mbili. Aliyekula nyama hungoja kabla ya kula kitu cha maziwa. Wengi hungoja saa sita, na wengine, kwa ada za miji waliyotoka wazee wao, hungoja saa tatu au hata moja.

Karamu za furaha aghalabu huwa na nyama. Biskuti yako ya siagi, iliyotiwa na chokoleti ya maziwa, ingekuja mezani wakati wageni wameshakula nyama. Hata kama ingekuwa tamu kuliko zote London, hapakuwa na mgeni ambaye angeweza kuila. Ndiyo sababu wapishi wao hupenda chakula cha kundi la tatu, kisicho cha nyama wala cha maziwa, wanachokiita "pareve": unga, mayai, mafuta ya mimea, matunda, sukari, samaki. Biskuti ya kundi hili huliwa baada ya mlo wowote.

Liko na jambo la pili ambalo pengine jirani aliliona haya kulisema. Oveni yako imeoka nyama na mikate ya kila namna, na kwao chombo huchukua hukumu ya kilichopikwa ndani yake. Kwa mwenye kushika sana, hata biskuti ya mafuta ikitoka jikoni kwako haitamfaa. Na sisi je? Hatuulizi kama kikaango kimekaangiwa nguruwe?

Allah (S.W.T.) ametueleza katika Suratul An'am, aya ya 146, kwamba Mayahudi walikuwa na makatazo yao katika wanyama na mafuta. Ngamia wetu hawamli. Kamba na pweza wetu hawawagusi, kwani kiumbe wa majini kwao lazima awe na mapezi na magamba. Papa naye haingii jikoni mwao. Kumpikia mtu si kumjaza tumbo tu. Ni kumlisha kile ambacho nafsi yake imetulia nacho.

Sasa tuje kwenye hukumu. Suratul Maida, aya ya 5, yaeleza kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu, na chakula chetu ni halali kwao. Tazama, mama msomaji, jinsi aya ilivyokwenda pande mbili: kupokea na kutoa. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alifariki na deraa yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri. Na Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Abdullahi bin Amr (R.A.), alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yao Myahudi amepelekewa, akarudia kuuliza, kisha akakumbusha jinsi Jibril alivyomuusia Mtume kuhusu jirani hata akadhani jirani atarithishwa.

Na tusimsahau Mama wa Waumini, Bibi Safiyya binti Huyayy (R.A.), ambaye babake alikuwa Myahudi wa Bani Nadhir. Bibi Aisha (R.A.) mwenyewe alishuhudia kwamba hakuona mtu ajuaye kupika kama Safiyya. Siku moja Safiyya alimpelekea Mtume chakula, wivu ukamshika Bibi Aisha, akakivunja chombo. Alipojuta na kuuliza kafara yake, aliambiwa chombo kwa chombo na chakula kwa chakula. Kisa hiki nakipenda kwa kuwa chatufundisha kwamba sahani ya jirani ina haki yake, hata siku ambayo moyo umechafuka.

Kwa hiyo kuoka biskuti za halali ukampa au ukamuuzia Myahudi kwa furaha ya kifamilia, mtoto kuzaliwa, kuoa au kukua, sioni kizuizi. Wanavyuoni wetu wametahadharisha kuhusu kushiriki ibada na sikukuu za dini za wengine, na mpaka huo uulinde: hekaluni kwao huendi kusali nao, na dua zao hazisomi ulimi wako. Lakini sinia mlangoni kwa jirani ni mlango wa ihsani.

Na maneno ya mavyaa wako? Usimjibu kwa ukali. Ni mama mwenye huruma, na uchungu wake juu ya watoto wa Gaza ni uchungu wetu sote. Asiyeuhisi ajikague moyo. Ila umkumbushe kwa upole Suratul Mumtahina, aya ya 8 na ya 9. Allah hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa dini yetu wala kututoa majumbani mwetu. Ametukataza kuwafanya marafiki wa ndani wale waliofanya hayo. Aya yatenganisha kwa matendo, na wala haikutenganisha kwa ukoo. Mama aliyewashika watoto wako mkono mpaka shule hakumtoa mtu nyumbani mwake. Toa sadaka kwa wenye njaa wa Gaza, uwaombee usiku, na asubuhi umsalimie jirani yako. Hakuna kati ya haya linalomnyima mwenzake haki.

Tena, chokoleti yenyewe ina historia ambayo Mwislamu akiisikia hukumbuka yake. Mwaka 1492 Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu wa Andalusia, iliingia mikononi mwa wafalme wa Hispania, na katika mwaka ule ule Mayahudi wakaamriwa kuhama nchi. Waislamu waliobaki walilazimishwa kubatizwa, na wajukuu wao wakafukuzwa kuanzia mwaka 1609. Mayahudi wengi walikimbilia Morocco na nchi za Dola ya Uthmaniyya, wakapokewa na Waislamu. Wengine waliokuwa wameingia Ureno walihama tena, na baadhi yao wakatua Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Hao ndio waliopeleka huko kazi ya kusaga kakao katika karne ya 17, na mji ule ukasifika kwa chokoleti hadi leo, ijapokuwa wenyeji baadaye walijaribu kuwazuia wasiitengeneze mjini. Ama biskuti yenye vipande vya chokoleti ndani, hiyo ni mpya. Ilienea kutoka Marekani katika miaka ya 1930. Si chakula cha dini ya mtu. Ni tamutamu tu, na kila nyumba huiingiza katika sheria zake.

Basi binti yangu, fanya hivi. Mwambie jirani, "Nifundishe, tuoke pamoja jikoni kwako." Utumie unga wake, vyombo vyake na oveni yake, na umwachie yeye aiwashe oveni, katika ada zao mkono wa Myahudi katika kuwasha moto una uzito wake. Mayai mtayapasua moja moja kwenye kikombe cha kioo, kwani yai lenye tone la damu hawalitumii. Na muwahi. Karamu ikiwa Jumamosi, kazi yote ya moto imalizike Ijumaa kabla jua halijachwa, maana Sabato yao haina kupika. Katika Ijumaa za Disemba jua la London huchwa kabla ya saa kumi jioni, basi anzeni mapema, nawe uwahi sala zako.

Nimewauliza mabingwa wa kuoka katika jamaa yangu, tukajaribu nyumbani mara tatu. Kipimo chetu cha biskuti 24 hiki hapa: unga wa ngano gramu 160, kakao isiyo na sukari gramu 45, sukari ya kahawia gramu 200 na nyeupe gramu 50, mafuta ya alizeti mililita 120, yai moja zima na kiini cha jingine, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai, na chokoleti nyeusi gramu 150, iliyokatwakatwa. Someni karatasi ya chokoleti, kwani nyingine nyeusi huwa na maziwa ndani. Mkiona imeandikwa siagi ya kakao msiogope: hayo ni mafuta ya kokwa la kakao, wala ng'ombe hayumo.

Pigeni mafuta na sukari, tieni yai na kiini, mkoroge mpaka mchanganyiko ung'ae. Chekecheni vitu vikavu juu yake, changanyeni kwa mwiko mpaka unga usionekane, kisha mwache. Ukiukoroga sana biskuti hukakamaa. Tieni chokoleti. Donge likae kwenye friji kwa saa moja. Fanyeni vidonge vya ukubwa wa kaimati, mvipange kwa nafasi juu ya karatasi ya kuokea, na muoke kwa nyuzi 175 kwa dakika kumi.

Hapa ndipo wengi hukosea, na sisi tulikosea mara ya kwanza. Kileja chetu twakitaka kikauke na kimumunyuke mdomoni, kwa hiyo mkono wetu umezoea kungoja. Biskuti hii haingojwi. Itoeni kingo zikiwa zimeshikana na katikati kungali laini kama haijaiva, iache juu ya trei dakika kumi. Joto la trei humaliza kazi. Ulaini wake watokana na mambo matatu: sukari ya kahawia, ambayo ina asali ya miwa ndani yake nayo hushika unyevu, kiini cha ziada, chenye mafuta, na kutoka motoni mapema. Ikipoa vizuri, ukiikunja hupinda kabla ya kukatika. Mara ya pili tulizidisha dakika mbili tu, tukapata matofali. Ya tatu haikufika hata jioni.

Mkija kuwa wapishi wenza, utayajua na mengine. Katika sikukuu yao ya Pesach, ya siku saba au nane, wanapokumbuka kuokolewa Nabii Musa (A.S.) na watu wake kutoka kwa Firauni, hawaweki nyumbani kitu chochote cha ngano kilichochachuka. Biskuti zao za siku hizo huwa za lozi zilizosagwa, kakao, sukari na ute wa yai, na hutoka laini ajabu. Wengi wenye asili ya Ulaya huepuka hata mahindi, kwa hiyo sukari ya unga ya kawaida, iliyotiwa wanga wa mahindi, haiwafai. Jua hayo, ili usije ukapeleka sinia wiki ile ukalia tena. Na ikifika siku ya Purim, pengine utagongewa mlango na kupewa kikapu, kwani wao siku hiyo huwapelekea watu vyakula vya aina mbili au zaidi.

Hilo lanileta kwenye swali lako la tatu. Chakula chao asili yake ni halali kwetu, lakini alama yao ya ukaguzi haisemi yote tunayoyauliza sisi. Mvinyo kwao una nafasi katika ibada, kwa hiyo keki yenye kilevi yaweza kuwa na alama ile. Arki ya vanila hutengenezwa kwa kuloweka maganda ya vanila ndani ya kilevi. Kwa kanuni za Marekani kilevi hicho hakipungui asilimia 35. Ndiyo maana katika kipimo chetu hatukuitaja. Mkiitaka, tumieni vanila ya unga. Peremende laini zenye jelatini nazo ziulizieni asili yake. Mwambie jirani mapema, kwa uso mkunjufu, "Nasi tuna yetu." Atakuelewa haraka kuliko mtu yeyote mtaani, kwa kuwa yeye ameishi maisha yake yote akisoma karatasi za vyakula madukani na kueleza kwa wenye kumkaribisha kwa nini hali.

Wala usiisahau ile sinia ya kwanza. Kwetu sisi sahani ya jirani hairudi tupu, na yako ilirudi imejaa. Hilo ndilo lililokuuma. Lakini fikiri: angeweza kuzipokea kwa tabasamu na kuzitupa usiku, nawe usingejua kamwe. Alichagua kukwambia kweli mlangoni, huku macho yakimlengalenga, ili jasho lako lisiende jaani na watoto wako wale. Huyo si mwenye kudharau. Ni mtu aliyekuamini kwamba utaelewa.

Alhamdulillahi, nilipokuwa nikimalizia makala haya niliupata ujumbe wake mfupi. Asema kwamba jirani alibisha mlango Jumapili, mkononi ana mfuko wa unga ambao haujafunguliwa na chupa ya mafuta, akauliza kama ana nafasi alasiri.

Binti yangu, nenda. Ukiingia jikoni kwake sema Bismillahi.

Allah atujaalie kuwa majirani wema, awalishe wenye njaa popote walipo, na abariki mikono ya mama zetu inayotulisha. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.